Maswali ya Wasomaji: Weupe wa Siki Si Saratani

Barua za mwezi huu zimelalia upande mmoja, saratani ya mlango wa kizazi na kipimo chake cha siki. Wengi hawaulizi ugonjwa wenyewe. Wanauliza habari za chumba, kitanda, kifaa, na lile neno waliloandikiwa kwenye kadi: "chanya". Zilizofanana tumeziunganisha, na majina tumeyaacha kama kawaida yetu.

Nina miaka 34. Kituo chetu cha afya wanapima saratani ya mlango wa kizazi, lakini kila anayetoka ana lake la kusimulia. Mmoja anasema wanavuta kizazi nje, mwingine anasema wanakata. Nielezeni hatua kwa hatua nijue naingia wapi. (Mama wa watatu, Korogwe)

Hakuna kinachovutwa na hakuna kinachokatwa. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache tu. Muda wako unaliwa na foleni na maswali ya kujaza kadi: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, umezaa mara ngapi, hali yako ya VVU, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango.

Kabla ya kupanda kitandani nenda kakojoe. Kibofu kikijaa, kipimo kinakuwa cha kero bure. Unavua nguo ya ndani peke yake. Beba kanga yako ya kujifunika, maana si kila kituo kina shuka la kutosha. Unalala chali, magoti umekunja, miguu umeachanisha. Mhudumu anaangalia kwanza sehemu za nje, kisha anaingiza spekulamu, kile kifaa chenye umbo la mdomo wa bata. Kinaingia kikiwa kimefungwa, halafu kinafunguliwa polepole mpaka mlango wa kizazi uonekane: kitu cha mviringo, cha rangi ya waridi, kina tundu katikati, na ukikigusa ugumu wake ni kama ncha ya pua.

Hapa ndipo wanawake wengi wanapokaza mapaja. Ukikaza, misuli inabana kifaa, na maumivu mengi yanayosimuliwa nje yanatokana na kule kubana. Legeza makalio mpaka yalale kitandani, pumua kwa mdomo. Spekulamu zina ukubwa tofauti. Ikikuuma sana, sema, uletewe ndogo. Mhudumu mzuri haudhiki akiombwa hivyo.

Kisha mlango wa kizazi unapakwa kwa pamba asidi ya siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5. Utasikia ubaridi, pengine na muwasho kidogo. Halafu inasubiriwa dakika moja nzima. Anayechungulia baada ya sekunde 20 akakuruhusu uende, hajakupima. Seli zilizobadilika zina viini vikubwa vyenye protini nyingi, na siki huigandisha protini hiyo kwa muda, kama moto unavyogeuza ute wa yai kuwa mweupe. Weupe unaohesabiwa ni ule mzito, wenye kingo zinazoonekana, uliokaa karibu na tundu pale ngozi mbili za mlango wa kizazi zinapokutana. Ukungu mwembamba uliotawanyika haumo katika hesabu.

Majibu unapewa hapohapo: hasi, chanya, au "inashukiwa saratani". Ukiwa hasi na huna VVU, rudi baada ya miaka 3.

Usiende ukiwa hedhini. Siku mbili kabla usiingize dawa yoyote ukeni, usikutane na mume, na usijisafishe ndani. Wanaotangulizwa ni wenye miaka 30 hadi 49. Mwenye miaka 22 asiye na VVU akipimwa kwa siki ataonekana na weupe mwingi ambao mwili wake ungeuondoa wenyewe, naye atatibiwa bila sababu.

Nimepimwa nikaambiwa chanya, wakataka kunifanyia tiba mgando siku ileile. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikaondoka. Mama mkwe anasema ukigandishwa kizazi hakishiki mimba tena, na mimi nina mtoto mmoja tu. Halafu, chanya si ndiyo saratani yenyewe? (Miaka 31, Bariadi)

Siyo, dada. Chanya ya siki maana yake kuna eneo lenye seli zilizobadilika, au zinazofanana na zilizobadilika. Saratani yenyewe mhudumu huiona kwa sura nyingine: uvimbe, kidonda kinachovuja damu ukikigusa, nyama inayomeguka. Mtu huyo hagandishwi, anaandikiwa rufaa. Kule kukupa tiba siku ileile ni ishara kwamba hawakuona saratani.

Mwanzo wa yote ni kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana na kugusana kwa ngozi za sehemu za siri. Karibu kila mtu aliyeanza kujamiiana hukipata wakati fulani, na wengi mwili hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hukaa. Kikikaa, hubadilisha seli polepole, na kutoka hapo mpaka saratani hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri, 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Muda huo mrefu ndio unaofanya kipimo kiwe na maana. Wewe umekamatwa ndani yake, mahali pa kuponea kwa matibabu ya robo saa.

Tiba mgando inafanyika hivi. Mtungi wa gesi, kaboni dayoksaidi au naitrasi oksaidi, unaunganishwa na kifaa chenye kichwa cha chuma kipana kama sarafu kubwa. Kichwa hicho kinabandikwa juu ya mlango wa kizazi na kugandisha kwa dakika 3. Kinaachwa kiyeyuke dakika 5, kisha kinagandisha tena dakika 3. Utasikia maumivu kama ya siku ya kwanza ya hedhi, na baadhi ya wanawake hupata kizunguzungu wakiinuka haraka, kwa hiyo kaa kitandani kidogo. Vituo vingi sasa vina kifaa kidogo cha betri kinachotumia joto la nyuzi 100 badala ya baridi. Hicho humaliza kazi kwa chini ya dakika moja kila kinapobandikwa. Baridi au joto, lengo ni moja: kuua ngozi ya juu iliyobadilika ili nyingine iote.

Si kila mwenye chanya anafaa kwa tiba hizi. Eneo jeupe likizidi robo tatu ya mlango wa kizazi, likiingia ndani ya tundu hata mwisho wake usionekane, au kichwa cha kifaa kisipolifunika lote, utapelekwa hospitali kwa tiba ya waya wa umeme. Wahudumu huiita LEEP. Kipande chembamba hukatwa na kupelekwa maabara. Nayo hufanywa kwa sindano ya ganzi, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa mimba. Mgando unazama milimita chache tu kutoka juu. Mji wa mimba, mirija na mayai viko mbali, haviguswi, na tiba hii haijahusishwa na ugumba. Ambayo tunakuambia wazi ina gharama kidogo ni LEEP: ikirudiwa au ikikata kwa kina, huongeza kiasi uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Kinachoondoa uzazi kabisa ni saratani iliyoachwa, kwa sababu tiba yake ni kutoa kizazi au kupiga mionzi, na mionzi huua mayai. Mama mkwe wako anaogopa kitu cha kweli, ila amekiweka mahali si pake. Mpe heshima yake, nenda naye kliniki, amsikie nesi kwa masikio yake. Bibi aliyeelezwa vizuri humaliza ubishi wa nyumba nzima.

Na tusifiche: siki huona weupe hata kwenye uvimbe wa maambukizi ya kawaida na kwenye ngozi inayojikarabati. Kwa hiyo kati ya wanaogandishwa wamo ambao wasingepata saratani kamwe. Bado tunashauri ukubali, kwa kuwa madhara ya tiba ni madogo, na wengi wanaosema "nitarudi" hawarudi. Kama una hakika huna mimba, rudi wiki hii. Kama huna hakika, waambie wakupime kwanza, maana mjamzito hagandishwi, husubiri ajifungue.

Niligandishwa siku kumi zilizopita. Maji yanatoka mpaka nabadilisha pedi nne kwa siku. Nesi alisema mwezi mzima bila tendo la ndoa, mume anasema hiyo ni mipango yangu na nesi. Pia anauliza kama yeye ndiye kaniletea. (Mbagala)

Maji hayo ndiyo tunayoyatarajia. Ngozi iliyoganda inakufa na kubanduka, na kidonda kilichobaki kinatoa majimaji kama goti lililochubuka. Huchukua wiki 2 hadi 4, mwanzoni mengi, baadaye yanapungua. Rangi ya maji maji au waridi hafifu ni sawa, na matone ya damu kati ya wiki ya pili na ya tatu ni sawa. Ukitumia vitambaa, vifue kwa sabuni na uvianike juani. Vile vinavyofichwa kukaukia chini ya godoro hubaki na unyevu, na unyevu huleta vijidudu. Oga kama kawaida, kwa maji ya nje tu. Usiingize kidole, pamba wala dawa.

Rudi kituoni mara moja, usisubiri tarehe, ukiona lolote kati ya haya: homa au kutetemeka kwa baridi, maumivu makali chini ya kitovu yasiyotulia kwa paracetamol, usaha au harufu kali ya kuoza, damu nyingi kuliko hedhi yako kwa zaidi ya siku mbili, au mabonge.

Wiki 4 bila tendo ni kwa sababu una kidonda kibichi. Kukigusa kunakitonesha na kunaingiza maambukizi. Pia VVU hupita kirahisi kwenye kidonda, kutoka kwake kuja kwako au kutoka kwako kwenda kwake. Akishindwa kabisa kuvumilia, ni kondomu kila mara, bila kuruka hata moja. Kituo hutoa kondomu pamoja na tiba. Kama hukupewa, kaziombe.

Kuhusu nani kamletea nani: shemeji, hakuna anayeweza kujua. HPV hukaa kimya miaka mingi, na huenda mmoja wenu alikuwa nacho kabla hamjakutana. Hakuna kipimo cha HPV kilichoidhinishwa kwa wanaume, wala dawa ya kumeza ya kukiua. Majibu ya kliniki hayawezi kuwa ushahidi wa uzinzi, na anayeyatumia hivyo anavunja nyumba kwa kitu ambacho hakisemi hivyo.

Andika tarehe ya kurudi: miezi 12 baada ya tiba. Kati ya wanawake 100 wanaogandishwa, takriban 85 hadi 90 hupona kwa mara moja. Waliobaki hawajulikani mpaka warudi, na wanaporudi hutibiwa tena.

Nina miaka 26, ninaishi na VVU tangu 2019, ARV nameza bila kukosa, virusi havionekani kwenye kipimo. CTC, kliniki ya VVU, wananisukuma kupima mlango wa kizazi, lakini dada yangu wa miaka 28 kaambiwa asubiri afike 30. Kwa nini mimi? (Njombe)

Kwa sababu hatari yako si sawa na ya dada yako. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara 6 zaidi wa kupata saratani hii, na mabadiliko kwake huenda kwa kasi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25.

ARV zinashusha VVU na kuinua kinga, na kinga nzuri husaidia kuiondoa HPV, lakini ARV hazitibu HPV. Kwa hiyo hongera kwa virusi kutoonekana, na bado panda kitandani. Ukiwa hasi kwa siki, usipitishe miaka 3. Vituo vingine huita mapema zaidi, fuata tarehe wanayokupa. Ukipimwa kwa kipimo cha HPV chenyewe ni kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ukitibiwa, mabadiliko hurudi kwako zaidi kuliko kwa wengine, kwa hiyo baada ya kipimo cha miezi 12 fanya kingine mwaka unaofuata. Unganisha tarehe hiyo na siku ya kuchukua dawa, nauli iwe moja.

Nina miaka 54, hedhi ilikoma miaka minne iliyopita. Tangu mwezi wa pili natokwa na damu baada ya kukutana na mume, na sasa kuna maji yenye harufu. Nimepewa dawa za kuingiza ukeni mara tatu, hakuna nafuu. Binti yangu anataka nisubiri siku ya upimaji bure. (Sengerema)

Shikamoo mama. Usisubiri siku hiyo. Upimaji wa bure ni kwa wasio na dalili, na wewe unayo. Tena kwa umri wako kipimo cha siki hakikufai. Hedhi ikishakoma, lile eneo ngozi mbili zinapokutana hurudi ndani ya tundu, na mhudumu anaweza kuandika "hasi" huku tatizo liko asipopaona.

Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, inataka kuangaliwa. Si lazima iwe saratani ya mlango wa kizazi. Inaweza kuwa ukuta wa mji wa mimba, au ukavu wa uke unaotibika kwa krimu. Lakini damu baada ya tendo pamoja na maji yenye harufu yaliyoshinda dawa mara tatu, hatuwezi kukuambia ukae. Nenda hospitali ya wilaya wiki hii, sema maneno haya: "Natokwa damu baada ya kukoma hedhi, naomba mlango wa kizazi uangaliwe kwa spekulamu." Ukiandikiwa dawa ya kuingiza mara ya nne bila kuangaliwa, omba rufaa.

Wakiona kitu, watachukua kinyama, kipande kidogo kama punje ya mchele. Kinawekwa kwenye kichupa chenye formalini, si maji wala saline ya chumvi, kwa sababu kwenye maji kinaoza na maabara hairudishi jibu. Mara nyingi ndugu ndiye anayekabidhiwa kichupa akipeleke. Hakikisha kina jina kamili, tarehe na fomu, kifuniko kimekaza. Chukua nambari ya simu ya maabara au ya wodi, fuatilia. Majibu mengi ya kinyama hukaa kabatini kwa kukosa mtu wa kuyaulizia.

Wakati unasubiri, pima wingi wa damu, figo, VVU na picha ya utrasaundi ya tumbo. Figo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Uvimbe ukikua pembeni hubana mirija ya mkojo, na figo zikifeli mgonjwa hawezi kupewa sisplatini, dawa ya saratani.

Kama ni saratani ya hatua ya mwanzo kabisa, tiba ni upasuaji. Ikivuka hapo lakini haijasambaa mbali, ni mionzi ya nje, kwa kawaida mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, pamoja na dripu ya sisplatini mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani inayowekwa karibu kabisa na uvimbe. Yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8. Kukatisha katikati ili kwenda kuvuna au kuzika, halafu kurudi baada ya wiki tatu, kunapunguza nafasi ya kupona. Mtu akiwa na damu pungufu huongezwa kwanza, kwa sababu mionzi hufanya kazi vizuri zaidi penye hewa ya oksijeni ya kutosha. Kwa upande wako hospitali ya Bugando, Mwanza, ni karibu kuliko ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Familia ipange mapema nani atakaa nawe miezi miwili, utalala wapi, na chakula, kwa sababu wanaokatisha tiba mara nyingi hushindwa na malazi, dawa ikiwapo.

Damu ikija nyingi ghafla, usisubiri asubuhi. Na yeyote anayekupa unga wa mizizi uweke ndani, mshukuru, usiuweke.

Shule imeleta taarifa ya chanjo ya HPV, binti yangu ana miaka 11. Mtaani wanasema ni uzazi wa mpango wa siri. Kama ni nzuri mbona wavulana hawachanjwi? (Baba, Kondoa)

Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14, baada ya kuthibitika kwamba moja inatosha kwa umri huo. Ni nusu mililita ya sindano ya bega, na haulipi chochote. Ndani yake mna ganda tupu la protini linalofanana na kirusi, halina vinasaba vyake, kwa hiyo haliwezi kuambukiza. Hamna homoni, na bila homoni hakuna uzazi wa mpango. Rwanda ilianza 2011. Wasichana waliochanjwa mwaka ule leo ni wanawake wenye umri wa kuzaa.

Umri huo umechaguliwa kwa kuwa chanjo huzuia kirusi kisiingie, haikiondoi kilichokwisha kuingia. Wavulana nao hupata HPV, na ziko nchi zinazowachanja. Hapa wasichana wametangulizwa kwa kuwa mlango wa kizazi wanao wao, na chanjo ni ghali kwa nchi kuinunua.

Ale kabla ya kwenda. Baada ya sindano akae chini dakika 15, kwa sababu mabinti wa umri huo huzimia kwa woga, na akizimia amesimama ataumia kichwa. Bega litauma siku moja au mbili, pengine na homa ndogo, paracetamol inatosha. Kama anaishi na VVU, mwambie nesi mapema, kwake dozi moja haitoshi, huwa mbili au tatu. Kadi itunzwe na cheti cha kuzaliwa. Akifika 30 bado atapima, maana chanjo haizuii aina zote.

Anayepima kituoni kwetu ni kijana wa kiume, rika la mwanangu. Siwezi. Nimesikia kuna kujipima mwenyewe, kweli? (Chake Chake)

Kweli, panapokuwa na kipimo cha HPV. Unapewa kijiti chenye brashi laini, unaingia chooni au nyuma ya pazia. Nawa mikono, usiguse ile brashi. Chuchumaa au inua mguu mmoja juu ya kiti, ingiza taratibu mpaka uhisi imegota, zungusha mara 3 hadi 5, toa, tia kwenye kichupa kama ulivyoelekezwa. Huna haja ya kuulenga mlango wa kizazi. Usifanye ukiwa hedhini. Sampuli inaweza kusomwa na GeneXpert, mashine ileile inayotumika kwa kifua kikuu, kwa muda wa saa moja hivi, ingawa foleni ya maabara ni habari nyingine. Wanawake huogopa kwamba watakosea. Sampuli wanazochukua wenyewe hulingana vizuri na za wahudumu.

Ukiwa hasi na huna VVU, umepumzika miaka 5 au zaidi. Ukiwa na kirusi, hapo lazima mtu aangalie kwa macho aone kama kuna cha kutibu. Uliza siku anayokuwapo mhudumu wa kike, zipo, au sema unataka nesi wa kike asimame nawe chumbani. Ni haki yako, na huyo kijana mwenyewe atashukuru.

Kama siki ndiyo kipimo, ninayo jikoni. Nikijiosha nayo kila wiki si najikinga? Pia natumia shabu na ndimu kujikaza. (Tanga)

Siki ya kliniki haitibu wala haikingi. Kazi yake ni kumpa mhudumu rangi ya kuona, na baada ya dakika chache imetoweka. Kinachopima ni jicho lililofunzwa na taa kali. Ukijiosha nayo unaua vijidudu wema wanaoufanya uke uwe mkali kwa magonjwa, kisha unaanza kuwashwa, unaosha zaidi.

Shabu na ndimu ni mbaya kuliko siki. Vinakausha na kuchubua ngozi, na wakati wa tendo ngozi hiyo hupasuka, nyufa ambazo VVU na HPV hupitia. Kule "kukaza" unakokusikia ni ngozi iliyojikunyata kwa kuungua. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Na kama umevitumia siku hizi, acha, subiri wiki mbili ndipo ukapime, kwa sababu michubuko nayo ikipakwa siki inaweza kuonekana nyeupe, na utagandishwa kwa kosa la ndimu.